Ukuta wa Kikundi cha Tatu

Wiki iliyopita mlikuja kwangu, nyinyi vijana wa kikundi cha mtaa, watu sita na madaftari sita. Mkanisalimia "Sasa, kukhu," yaani nyanya, mkaketi kwenye viti vyangu bila kuambiwa, mkaniuliza mtaa wetu wa Mabanzi ulifufukaje zamani "kwa kushirikisha wananchi". Nilicheka mpaka jino langu lililobaki likaniuma. Kushirikisha! Nani alimshirikisha nani?

Basi nimeandika, kwa sababu nikisema kwa mdomo mnaangalia simu. Shule nilifika darasa la tatu, na kalamu najua kuishika. Someni polepole.

Kazi yangu ilikuwa kukandika nyumba. Nimekandika Bungoma, nimekandika Kitale, nimepanda hadi Kwanza na Kachibora nikiwa na karai kichwani. Kama nyanya yako alizaa katika nyumba ya udongo upande huu, huenda mzazi wako alifungua macho akiangalia ukuta wangu. Nyinyi siku hizi mnasema "nyumba ya matope" kama watu wanaotema mate. Matope ni yale yaliyo kwenye viatu vyenu. Ukutani ni udongo, na udongo una elimu yake.

Udongo mzuri hutoka kwenye kichuguu. Mchwa ameshautafuna na kuutema, yeye ni fundi kabla yako. Unaukanyaga kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwa fupi kama kidole, unauacha ulale, kesho unaukanyaga tena. Ukisokota kamba ya udongo ikakatika ukiikunja, mchanga ni mwingi. Ikikung'ang'ania vidoleni kama mtoto anayeachishwa ziwa, maji ni mengi. Tabaka la kwanza hulipaki, unalirusha kwa nguvu liingie kati ya fito. Likikauka litapasuka, na wewe usilie, hizo nyufa ni meno ya kushika tabaka la pili. Mwisho ni mavi ya ng'ombe na majivu, kwa kiganja, mkono ukizunguka. Na yawe ya ng'ombe aliyekula nyasi kavu. Yale ya kijani huteleza ukutani kama uji.

Lakini kabla ya yote hayo, unaonja udongo. Msikunje nyuso.

Hilo la kuonja nililijua kwa aibu. Nilikuwa msichana karibu na Kibabii, nafundishwa kazi na senge yangu, yaani dada ya baba, mwanamke mfupi mwenye mikono kama beleshi. Siku moja alinituma kichuguuni, nikaona ni mbali. Nikachota karibu na kijito, mahali ng'ombe walikuwa wamelamba ardhi mpaka ikawa laini kama unga. Nikajisifu moyoni: huu umeshasagwa! Tukakandika nyumba ya mwalimu mmoja, ukuta ukang'aa. Wiki ya pili, mbuzi wa kijiji kizima walihamia kwa mwalimu. Walilamba ule ukuta kuanzia chini, siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja mwalimu akaamka na kuona ndevu za beberu ziko ndani ya chumba chake cha kulala.

Senge hakunipiga. Alinipa donge la udongo ule.

"Kula."

Nikala.

"Kuna nini?"

"Chumvi, senge."

"Mbuzi alijua kabla yako."

Nyumba ile niliikandika upya peke yangu, mwalimu ameketi nje akinisomea gazeti kwa sauti ili nione haya vizuri.

Sasa, Mabanzi. Mnakaa hapo na hamjui jina limetoka wapi. Mabanzi ni yale maganda yanayobaki gogo likipasuliwa mbao. Nyumba za kwanza zilijengwa kwa hayo, zikazibwa mianya kwa udongo. Nilihamia hapo nikiwa nimeshafiwa na mume, miaka ya themanini ikiwa bado michanga. Tulikuwa mchanganyiko: sisi Wabukusu, Wakikuyu waliotoka Mkoa wa Kati na kulima mahindi nje ya mji, Wateso, Waturkana, Wasabaot. Jirani yangu mlango kwa mlango alikuwa Mama Wanjiru, Mkikuyu muuza viazi, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Juu barabarani kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Gurdev, Kalasinga mwenye kilemba cha buluu, aliyezaliwa Kitale hii hii na kuongea Kibukusu kuliko nyinyi wote sita mkijumlishwa.

Mtaa ulikuwa mchafu, siwezi kudanganya. Mvua ikinyesha, mtaro ulifurika na vyoo vikatoka kutembea. Ndipo barua ikaja kutoka kwa wakubwa wa mji: mtaa huu ni aibu, trekta litakuja kuusawazisha. Hakuna aliyetuambia twende wapi. Mimi nilikuwa na nyumba moja tu duniani, niliyoikandika kwa mikono hii miwili, na binti mmoja, Nanjala, aliyeolewa hapo hapo ng'ambo ya mtaro na alikuwa na mimba ya kwanza. Trekta lingekuja, lingetusukuma sote pamoja.

Kumbe kulikuwa na mpango mwingine. Mtaalamu mmoja kutoka Nairobi aliwasihi wale wakubwa watupe nafasi: wananchi wenyewe wachimbe mtaro na wajenge nyumba moja kubwa ya nasari ya watoto na ya mikutano. Wakiweza kabla ya mvua, mtaa ubaki na uletewe bomba la maji. Wakishindwa, trekta. Hapo nampa heshima yake, alituombea. Baada ya hapo heshima inapungua.

Tulimwita Bwana Ramani. Alikuja na gambuti nyekundu zisizojua tope, firimbi shingoni, na karatasi kubwa kama shuka. Siku ya kwanza alimwaga maharagwe chini, akasema tuchore mtaa wetu kwa hayo: huku nyumba, huku njia, huku mtaro. Watu wazima tukachuchumaa kama watoto. Akapiga picha, akafurahi, akaenda zake hotelini. Mama Wanjiru akakusanya ile ramani yote, akaiosha, akaichemsha na mahindi. Ilikuwa ramani tamu sana.

Ila lilikosekana jambo moja katika ramani ile, na ndilo lililotaka kutumaliza.

Kwetu, mama na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawatajani jina. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito. Mume wa Nanjala alikuwa seremala, mikono mizuri, na jina lake siandiki hapa, msinisumbue. Nitamwita Fundi. Kwa sababu tulikaa mtaa mmoja, tulikuwa na utaratibu. Yeye alipita njia ya juu, mimi ya chini. Akikaribia kona alikohoa mara mbili, nami nikageukia ukutani na kuvuta leso usoni. Mama Wanjiru alijua, muuza mkaa alijua, hata mbwa walijua. Njia hizo mbili na kile kikohozi hazikuwa kwenye maharagwe, kwa sababu Bwana Ramani hakuuliza nani anampisha nani. Aliuliza choo kiko wapi.

Akagawa kazi. Aliandika majina kwenye vikaratasi, akatia kwenye kofia, akachanganya, "ili kusiwe na ukabila." Kikundi cha kwanza mtaro. Kikundi cha pili paa. Kikundi cha tatu ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, wenye mlango. Akasoma: "Fito na fremu," akataja jina la Fundi. "Kukandika, Mama Nasimiyu." Ndiye mimi, Nasimiyu ni jina langu mwenyewe.

Watu wakanyamaza. Bwana Ramani alidhani wanasikiliza kwa makini.

Mtaniuliza mbona sikusema. Ningesemaje, mbele ya watu, kwa kijana wa umri wa mwanangu, habari za mkwe wangu? Nikadhani nitapanga mwenyewe: yeye asubuhi, mimi alasiri. Lakini Bwana Ramani alitaka kikundi kifanye kazi "bega kwa bega". Kila nilipofika na karai nikasikia kikohozi mara mbili, nilitupa karai na kukimbia. Siku moja niliingia mtaroni mpaka magotini. Bwana Ramani akanifuata.

"Mama, unamkimbia nani?"

"Yule."

"Yule nani?"

"Wa kule."

"Ana jina?"

"Analo."

"Ni nani sasa?"

"Si uulize wengine, bana!"

Akaandika kitu kwenye karatasi. Baadaye nilijua aliandika nini: kwamba kikundi cha tatu kina uhasama mkubwa. Siku nyingine alinikuta kwenye lori la udongo alioutafuta mwenyewe, nina donge mdomoni. Nikatema, nikamwambia aurudishe, una chumvi. Akamwuliza Mama Wanjiru kwa upole, "Huyu mama hula udongo mara nyingi?"

"Kila siku ya kazi," akajibu Wanjiru. "Wewe hukufundishwa?"

Siku zikaisha. Mtaro ulichimbwa, nguzo zikasimama, paa likafungwa, kuta tatu zikakandikwa. Ukuta wa mbele ulikuwa fito tupu, nusu hazijafungwa, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Siku tisa zilibaki wakubwa waje, na mawingu ya Mlima Elgon yalishaanza kukusanyika.

Bwana Ramani akaitisha mkutano wa dharura ndani ya nyumba ile. Soda na mkate. Nilikuja kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mtu fulani ameenda Kwanza kununua misumari. Uongo, alikuwa ameketishwa nyuma ya rundo la mbao, naye ameambiwa mimi siji. Bwana Ramani akapiga firimbi.

"Ndugu zangu, mtaa huu utabomolewa kwa sababu ya chuki ya watu wawili. Leo tutaimaliza. Mama Nasimiyu, njoo mbele." Akamvuta Fundi kwa mkono. "Shikaneni mikono! Mbele ya wote! Semeni, tumesameheana!"

Ukisikia watu wamevuta pumzi, hiyo ndiyo siku. Nanjala, na tumbo lake la miezi minane, akapiga yowe. Mimi nilikuwa na karai. Nililigeuza likanifunika kichwa mpaka mabegani, na udongo uliokuwa ndani ukanishukia wote. Fundi alitazama mlango, umejaa watu. Akatazama fremu ya dirisha aliyoipigilia mwenyewe asubuhi ile, akaruka. Alipita kama barua kwenye tundu la sanduku la posta. Tulisikia tu miguu yake ikikata mahindi ya watu.

"Mnaona?" Bwana Ramani akasema kwa huzuni. "Chuki imefika mbali."

Ndipo Mzee Gurdev akasimama. Alikuwa ameketi nyuma kwenye gunia la misumari aliyotupa bure.

"Kijana," akasema, "umesoma miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Na katika hiyo kumi na sita, hakuna siku moja walikufundisha kuuliza? Huyu ni mama ya mke wake. Hawa hawachukiani. Hawa wanaheshimiana kukuzidi wewe na mimi. Umetaka wapeane mkono mbele ya mwanamke mwenye mimba! Ungeniambia mimi nimvue huyu mzee wa kanisa suruali, ingekuwa nafuu."

Watu wakacheka, na yule mzee wa kanisa akashika mshipi. Mimi sikucheka. Nilikuwa gizani ndani ya karai, matope yananiingia masikioni, nawaza siku tisa. Nikawaza kuhusu ukuta. Na nyinyi mkumbuke, nilikuwa nimeshakandika kuta zaidi ya nywele zenu, lakini jambo hili sikuwahi kuliwaza mpaka nilipofunikwa.

"Wanjiru," nikaita kutoka ndani ya karai. "Ukuta una pande ngapi?"

"Mbili."

"Basi ana wake, na mimi nina wangu."

Mzee Gurdev alitoa magunia, tukayashona na kuyaning'iniza kutoka kwenye paa hadi chini, upande wa ndani wa ukuta ule wa fito, tusionane. Kesho yake Fundi alisimama nje akifunga fito kuanzia chini, mimi niko ndani narusha udongo. Kadiri udongo ulivyopanda, tulikunja magunia kwenda juu, ukuta ukachukua kazi ya gunia. Mama Wanjiru tulimweka mlangoni apeleke maneno.

"Wanjiru, mwambie mtu wa huko fito zake zimekaribiana kama meno, udongo utashika wapi?"

"Anasema fito zimebanana."

"Mama Wanjiru, jibu hivi: udongo wenyewe ni maji, unanitiririkia viatuni."

"Anasema unakandika na uji."

"Uji! Mwambie hii kazi nilianza yeye akiwa bado anakojoa kitandani!"

"Anasema—ai! Hiyo sisemi. Mimi si simu! Kila mtu aongee na ukuta, ukuta ndio uko katikati yenu."

Akaenda kuuza viazi vyake. Nikaendelea kurusha udongo. Kisha nikasikia kikohozi mara mbili, na sauti ikasema taratibu, "Ukuta, niachie nafasi ya kitasa hapa kulia."

Nikafikiri kidogo. Ukuta si mtu. Ukuta hauna binti.

"Ukuta," nikajibu, "nafasi iko. Na punguza fito moja hapo juu."

Akapunguza. Na kusema kweli udongo wangu ulikuwa na maji mengi, nikauongezea nyasi bila kumwambia mtu. Tukaenda hivyo siku saba. Ukuta ule uliambiwa maneno mengi. Uliambiwa kwamba Nanjala miguu inavimba, apumzishwe. Uliambiwa asante kwa maziwa. Siku ya nane Nanjala akajifungua msichana, na aliyetangulia kuambiwa ni ukuta.

Siku ya tisa wakubwa wakaja, suti na fimbo. Mmoja akaugonga ukuta kwa fimbo, kisha kwa ufunguo, kisha kwa ngumi, akaumia. Trekta halikuja. Bomba la maji lilikuja, kwa mwendo wao, baada ya mwaka na zaidi. Hotuba zilimsifu Bwana Ramani kwa kuwapatanisha wananchi waliokuwa na uhasama wa muda mrefu. Alipeana mkono na kila mkubwa, akapigwa picha mbele ya ukuta wangu, kisha wakapachika kibao chenye jina lake. Mimi nilikuwa nyuma naosha karai. Kibao kile kilianguka mvua ya pili, Wanjiru akakifanya mlango wa banda la kuku. Kinafaa sana.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa sicheki. Miaka kadhaa baadaye, tisini na kitu, ikaja ile miaka ambayo watu walianza kuulizana kabila barabarani. Nyumba zikachomwa huko mashambani, na watu wakaingia mjini na magodoro. Mama Wanjiru na watoto wake waliambiwa warudi kwao. Kwao wapi, na watoto walizaliwa hapa? Tuliwaingiza katika nyumba ile, yeye na wengine, na mimi nikaketi ndani mlangoni na mwiko wa ugali. Mwaka huo tulihitaji kweli mtu wa kutupatanisha, mwenye soda na firimbi. Hakuonekana. Walioonekana ni Mzee Gurdev na gunia la unga, na wanaume wachache wa mtaa waliozunguka nyumba mchana kutwa na mapanga, Wabukusu, Wateso na Wasabaot pamoja.

Adhuhuri moja tulisikia kelele zinakaribia barabarani. Watoto wakalalia tumbo. Wanjiru akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Kisha nje, karibu kabisa, kikohozi mara mbili.

"Ukuta, mko salama humo ndani?"

"Ukuta," nikasema, "tuko salama. Wewe je?"

"Mimi niko hapa."

Kelele zilifika, zikasimama, tukasikia mabishano, jina la Wanjiru likitajwa, na ile sauti ya upole ya mkwe wangu ikisema hapa hakuna wa kutoka. Kisha zikapita. Alikaa nje ya ukuta ule siku nne.

Ndiyo hayo. Mmesema mnataka kuufufua mtaa tena, mnayo michoro kwenye simu, mtabomoa hiyo nyumba ya udongo mweke ya mawe. Bomoeni mkitaka, mimi si nguzo ya paa. Lakini kabla hamjachora mstari, ulizeni kwanza nani anakohoa akifika kona, na anayejificha anamheshimu nani. Na udongo muuonje.

Mlinisumbua pia kuhusu jina la Fundi, mara tatu mkaniuliza, mkidhani nimesahau. Nendeni mkasome wenyewe. Alilichonga juu ya mlango wa nyumba ile, herufi kubwa, na kila asubuhi nikienda sokoni napita hapo nimeinamisha kichwa.